YAH: Ombi la Kupandishwa Daraja

Wewe ulipita pale. Usikatae. Daraja lenyewe ni moja, na kila anayetoka ng'ambo kwenda mjini, au mjini kwenda ng'ambo, lazima alikanyage. Ulipita siku ile maji yalipopanda, ukamwona mwanamke amekaa kando ya njia juu ya ndoo iliyopinduliwa, na pembeni yake mwanamume aliyevimba uso na miguu, amelazwa kwenye kitanda cha chuma. Ukapandisha kioo cha gari, ukageuza. Au kama ulikuwa kwa miguu, ukakumbuka ghafla kwamba una simu ya kupiga. Hata sasa jicho lako linataka kuruka mistari lifike kwenye mambo mengine. Haliruki. Kuruka mistari ndiko kulikotufikisha hapa. Leo utasoma mpaka chini, panapowekwa sahihi.

Mwanamke yule watu wanamwita Mama Taipu. Ana meza yake chini ya ngazi za jengo la ghorofa mbili mjini: juu kuna wakili, chini kuna yeye, na asiyeweza ada ya juu huishia chini. Anawaandikia watu barua za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kumwomba mwenye nyumba avute subira. Mashine yake ya taipu, ya zamani, imekatika mguu mmoja na imewekewa kipande cha kandambili. Lakini barua ikitoka pale, imenyooka kama sare ya askari. Ana mwiko mmoja tu: kichwa cha barua kikae mstari mmoja. "Kichwa kikivunjika mara mbili," huwaambia wateja wake, "barua inaonekana ina kiharusi."

Mwanamume wa kitandani ni mumewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina lake la kazi, Cheche, limebaki hata baada ya kazi kumkimbia. Figo zake zimekufa zote mbili. Kila Jumanne na kila Ijumaa anatakiwa hospitali, upande wa mjini wa mto, alazwe kwa muda wa saa nne akisafishwa damu na mashine. Maji ya kunywa anapimiwa: chupa moja ndogo kwa siku nzima, na mfuniko wake ndio kikombe. Mtu anayepimiwa maji kwa mfuniko, amezuiwa njia na maji. Ukitaka kucheka, cheka. Yeye mwenyewe alishacheka.

Ukutani juu ya kitanda ilining'inia kalenda ya mbunge. Kila mwezi una picha yake na kipaumbele kimoja: mwezi wa kwanza elimu, yumo na chaki, wa pili afya, yumo na koti jeupe, wa tatu kilimo, ameshika jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani. Vipaumbele kumi na viwili, na ndiyo maana watu walimpachika jina, Mheshimiwa Kipaumbele. Mwezi huu alikuwa amevaa kofia ngumu ya njano, na chini yake imeandikwa MIUNDOMBINU. Mama Taipu alizungushia Jumanne zote na Ijumaa zote wino mwekundu. Kalenda nyingine ya kufanyia hivyo hawakuwa nayo.

Jumatatu jioni alirudi na bahasha ya kaki yenye mhuri. Hakuifungua njiani. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akafuta miwani kwa upindo wa gauni.

"Imejibiwa," alisema.

"Ile ya daraja?" Cheche aliinuka kwa viwiko.

"Ile ile. Miezi mitatu na siku nne."

Wifi yake, dada yake Cheche, ambaye alihamia pale ili kusaidia kumbeba kaka yake na hajawahi kuishiwa maneno tangu azaliwe, alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Soma kwa sauti, wifi. Na usituruke neno hata moja, tunakujua wewe na haraka zako."

Mama Taipu akasoma. "Rejea barua yako ya tarehe tajwa hapo juu. Ofisi ya Mbunge imepokea ombi lenu la kupandishwa daraja na imelipa uzito unaostahili. Ili lishughulikiwe, kila mwombaji aambatanishe nakala za vyeti vya elimu, barua ya ajira ya kwanza, na tathmini ya utendaji kazi ya miaka mitatu mfululizo."

"Hebu rudia pa vyeti," Cheche alisema.

Akarudia.

"Daraja liwe na vyeti?" wifi aliuliza. "Lilisoma wapi?"

"Cheti cha kuzaliwa linaweza kupata," Cheche alisema. "Mimi nilikuwepo likizaliwa. Vyuma vya ukingo nilivichomelea mwenyewe, naenda kuwa shahidi."

"Na utendaji kazi je? Kila mvua ikinyesha linazama. Hapo tathmini hakuna kitu, kaka. Litafukuzwa kazi hilo."

Wakacheka wote watatu. Cheche alicheka mpaka kikohozi kikampokonya kicheko, na dada yake akaweka sufuria chini akamkandakanda mgongo. Mama Taipu naye alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikwisha kuingia kwenye mkoba na kutoa nakala ya barua yake mwenyewe. Akaitazama juu, kwenye kichwa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

YAH: OMBI LA KUPANDISHWA DARAJA.

Ndani ya barua alieleza kila kitu. Kwamba daraja ni la zege, lina nguzo nne, limejengwa chini mno. Kwamba maji yakipanda linafunikwa siku mbili hata tatu. Kwamba linaombwa kuinuliwa kwa urefu wa mtu mzima. Kwamba upande huu kuna wagonjwa, na mmoja wao hana Jumanne ya kupoteza. Lakini kichwani alitaka kuandika OMBI LA KUPANDISHWA KWA DARAJA LETU, na mstari ukajaa, ukakataa. Akatoa "letu". Bado. Akatoa "kwa". Kikakaa, kimenyooka, mstari mmoja. Sasa muulize mtumishi yeyote wa serikali kupandishwa daraja ni nini. Atakwambia ni kupanda cheo na mshahara.

Neno la herufi tatu. Hakumwambia mtu. Alikunja nakala, akasema chai iko wapi.

Usiku ule nyumbani kwao halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha mbali, milimani, na asubuhi mto ukaileta kwa miguu yake.

Walimbeba Cheche na kitanda chake. Kitanda hicho alikiunda mwenyewe enzi za nguvu zake, cha mabomba mepesi, kina vishikio vinne kila upande kwa sababu, alisema, fundi mzuri anafikiria siku ya kuhama. Walipofika, daraja halikuonekana. Zilionekana ncha za vyuma vya ukingo tu, zimetokeza juu ya maji mekundu kama meno ya kitana. Maji yalifika kifuani mwa mtu. Waliobeba kitanda wakakitua, wakasubiri kidogo, wakaaga mmoja mmoja. Kila mtu ana kibarua chake.

Mama Taipu akageuza ndoo akaikalia. Walikaa pale mpaka saa saba mchana. Hapo ndipo wewe ulipopita.

Alimpigia simu muuguzi wa chumba cha mashine.

"Mara moja mwili unavumilia," muuguzi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo mara nyingi. "Mpunguzie maji, mpunguzie chumvi. Lakini Ijumaa asikose. Akikosa mbili mfululizo, mama, mimi usinipigie tena, maana sitakuwa na la kukwambia."

Waliporudi nyumbani, wifi alipokwenda kuazima mkaa, Mama Taipu alizungumza akiwa amempa mumewe mgongo.

"Kosa ni langu."

"La mvua?"

"La barua. Nilitoa 'kwa'."

Akamweleza. Cheche alisikiliza, miguu yake imevimba inang'aa kama mikate.

"Unaujua ukingo wa kushoto wa daraja?" aliuliza. "Pale katikati, chuma cha tatu. Siku ile waya wa kuchomelea uliniishia. Nikagusisha tu, nikapaka rangi juu. Nikasema kesho nitarudi. Miaka kumi na sita hii, kila nikisikia mtu ameegemea upande ule, moyo unanidunda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe umeacha neno, mimi nimeacha mshono. Ila mimi chuma changu hakina macho, wale wana macho. Barua ilikuwa na ukurasa mzima, mke wangu. Wamesoma kichwa. Mwili hawakuuona."

Mama Taipu aligeuka akautazama mwili wa mumewe pale kitandani.

Jumatano ni siku ya wananchi katika ofisi ya mbunge. Maji yalikuwa yameshuka kidogo, kiunoni. Mama Taipu alivuka peke yake, viatu na barua ndani ya mfuko wa nailoni kichwani, mkono umeng'ang'ania ukingo wa kulia, chuma kwa chuma, kama anayesali kwa kuhesabu. Alifika ofisini saa mbili, gauni linachuruzika.

"Mama, mama, mama!" Katibu wa mbunge alikuwa kijana mwenye simu tatu na uso wa mtu aliyelala vibaya. "Marumaru hiyo imepigwa deki sasa hivi. Simama hapo kwenye zulia. Hapana, si zulia hilo, lile la mlangoni."

"Nimetoka ng'ambo, mwanangu. Njia ndiyo hiyo ya maji."

"Kila mtu ametoka mahali." Akampa kikaratasi cha namba. Arobaini na moja.

Kwenye benchi alikaa karibu na mzee mmoja mwembamba, tai imefungwa vizuri, kola imechakaa. Mwalimu mstaafu. Alikuwa na bahasha ya kaki kama yake, na alimtazama anavyokamua upindo wa gauni kwa heshima ya mtu anayejifanya haoni.

"Na wewe wanakupiga danadana?" mwalimu aliuliza.

"Mimi nimeambiwa nilete vyeti."

"Heri yako. Mimi nimeletewa wahandisi."

Mama Taipu akamtazama.

"Sikiliza kisa hiki, binti. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nilistaafu na daraja ambalo nilitakiwa nilivuke miaka tisa kabla, na pensheni yangu imepigiwa hesabu kwa daraja hilo hilo la chini. Nikaandika barua. Na mimi Kiswahili nimekifundisha, siwezi kukiandika ovyo. Nikaweka kichwa: Kupandishwa kwa Daraja Langu. Mwezi uliopita, asubuhi, nasikia hodi. Vijana wawili, kofia ngumu, kamba ya kupimia, na chombo cha miguu mitatu. Shikamoo mzee, marahaba. Tumekuja kupima daraja. Daraja gani? Wakanionyesha karatasi. Daraja lako, mzee, liko wapi? Nikawaambia, wanangu, daraja ni mimi."

Watu wawili watatu kwenye benchi wakaangua kicheko. Mama Taipu hakucheka.

"Walipima nini?" aliuliza.

"Watapima nini? Walizunguka nyumba. Wakaandika, wakaniomba nitie sahihi kwamba wamefika. Nikatia."

Mama Taipu alifungua mfuko wa nailoni, akatoa nakala yake, akamwekea mapajani. Mwalimu alivaa miwani. Alisoma kichwa, akaguna. Kisha akafanya jambo ambalo katika miezi mitatu hakuna aliyelifanya: akaendelea. Alisoma mpaka chini, polepole, kidole kikifuata mistari kama anasahihisha. Alipofika kwenye sahihi, akavua miwani.

"'Kwa' yako ilikuja kwangu," alisema.

"Na wahandisi wangu wakaja kwako."

"Mumeo ndiye huyu wa Jumanne?"

"Jana ilikuwa Jumanne."

Namba ya mwalimu ilikuwa kumi na tisa. Alikichukua kikaratasi chake, akakibadilisha na cha Mama Taipu, akakunja mikono akatazama ukuta.

Mheshimiwa Kipaumbele, ana kwa ana, alikuwa mfupi kuliko kwenye kalenda na amechoka zaidi. Macho mekundu, kikombe cha chai kimepoa kina utando juu. Haki isemwe: hakuwa mtu mvivu. Tangu asubuhi alikuwa ameshasikiliza mgogoro wa kiwanja, ada ya shule, na mwanamke aliyeachwa na mume. Na alipoona jina la Mama Taipu kwenye bahasha, uso wake ulichanua kweli.

"Mama! Barua yako naikumbuka. Kupandishwa daraja! Hiyo nimeisemea bungeni."

"Umeisemea, mheshimiwa?"

"Katibu, lete kumbukumbu za bunge, kikao cha mwezi uliopita." Akafungua kitabu mwenyewe, akalamba kidole, akafika ukurasa wenye alama. "Hapa. Soma mwenyewe, mama."

Mama Taipu akasoma. Mbunge alisimama. Mbunge alisema kwamba wananchi wake wa ng'ambo wamevumilia vya kutosha. Alisema wamesahaulika, wanadharauliwa, jasho lao halithaminiwi. Yalikuwa maneno mazuri, na kama mtu angesoma haraka angetokwa na machozi. Mwisho akauliza: je, serikali ina mpango gani wa kuwapandisha madaraja watumishi hao? Na chini yake, kwenye mabano: Makofi.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "umeniombea cheo."

"Naam?"

"Mimi si mtumishi. Mume wangu si mtumishi. Tuliomba daraja. La mtoni. La zege. Liinuliwe."

Mbunge alimtazama katibu. Katibu alitazama simu moja kati ya tatu.

"Kichwa cha barua kinasema..." katibu alianza.

"Kichwa, ndiyo. Kosa la kichwa ni langu, nimelikubali kwa mume wangu na ninalikubali mbele yenu. Lakini barua ina mwili, mwanangu. Mistari ishirini na sita. Mstari wa tatu tu umeandikwa nguzo. Mtumishi gani wa serikali ana nguzo?"

"Mama, hapa zinaingia barua mia mbili kwa wiki. Zikisomwa zote mpaka chini..." Hakumalizia. Pengine alisikia mwenyewe alichokuwa anakaribia kusema.

Mbunge alijipangusa uso kwa viganja viwili. Kisha akachukua simu, akampigia mhandisi wa wilaya, akaweka sauti ya nje ili mama asikie kwamba anafanyiwa kazi.

"Mheshimiwa, hilo faili ninalo," ilisema sauti ya mhandisi. "Ombi la daraja. Vijana wangu walifika eneo husika. Taarifa ninayo hapa: hakuna daraja lililoonekana. Imetiwa sahihi na mwenyeji. Tukafunga."

"Walikwenda pengine, bwana. Daraja lipo."

"Kwenye karatasi halipo, mheshimiwa. Kulifungua upya, mwombaji aandike barua mpya, ipite kwenye kata, tupangiwe ukaguzi. Bajeti ya mwaka huu imekwisha kupita. Labda mwakani."

Simu ikakatwa. Nje, kwenye benchi, mtoto wa mtu alikuwa analia.

"Umesikia mwenyewe, mama," mbunge alisema, na sauti yake haikuwa ya kalenda. "Sina daraja. Inabidi nianze kulizaa upya kwenye mafaili."

"Mume wangu siku yake ni Ijumaa."

"Nimekuelewa. Na miundombinu ni kipaumbele changu."

"Sisi tuko mwezi wa ngapi, mheshimiwa?"

Hakuelewa, au alielewa. Alivuta droo, akatoa bahasha nyeupe. "Ijumaa mkodi gari, mzunguke kwa barabara kuu. Ni mbali, lakini mtafika. Hii ni yangu binafsi, si ya ofisi."

Kuna watu wenye shibe watakaosema angeirudisha. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, maana Ijumaa haili heshima. Katibu alikuwa tayari na simu.

"Tupate kumbukumbu kidogo, mama. Msogelee mheshimiwa. Inua bahasha. Juu kidogo, inakaa gizani. Na tabasamu, mama, si msiba huu."

Gauni lake bado lilikuwa linadondosha maji kwenye marumaru. Katibu alipiga picha kuanzia kiunoni kwenda juu.

Ijumaa walizunguka. Saa tatu na nusu njiani, Cheche amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa dada yake, akihema kama mtu aliyekimbia. Walipofika, zamu yake ilikwisha kupita na kwenye mashine alilala mwingine.

"Nitamwingiza kwa saa mbili," muuguzi alisema. "Mbili tu, mama. Zaidi ya hapo namnyang'anya mtu mwingine, na yeye ana mkewe amekaa hapo nje kama wewe."

"Mbili zinatosha?"

"Nusu ni nusu. Jumanne mlete mapema, apate nne kamili. Jumanne asikose."

Jumamosi wifi alirudi kutoka kwa jirani na simu ya kuazima. Picha ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wa mbunge. Mbunge Atatua Kero ya Usafiri kwa Mkazi wa Ng'ambo. Watu mia nne walikuwa wameipenda.

"Umetoka vizuri, wifi," alisema, kisha sauti ikamgeuka. "Ila umelowa."

Cheche aliiomba simu, akaitazama muda mrefu. "Bahasha imekaa vizuri," alisema. "Ingekuwa ndefu kidogo, tungepita juu yake tukavuka."

Jumapili mvua ilirudi milimani.

Leo ni Jumatatu. Maji yamefika kiunoni kwenye daraja ambalo halipo. Bahasha iliishia kwenye ile Ijumaa moja, na gari la kuzunguka linataka nyingine. Mama Taipu amekaa chini ya ngazi zake tangu asubuhi. Ameandika barua mpya, na kichwa chake kimevunjika mistari mitatu, kirefu, kibaya, hakina adabu, na kila neno limo: daraja, la mto, la zege, kuinuliwa, kwa urefu wa mtu mzima. Chini ameacha nafasi ya sahihi. Mwalimu ametia yake ya kwanza. Ameandika pia, kwa mwandiko wa ubaoni, kwamba daraja lililotafutwa nyumbani kwake liko mtoni, na kwamba sahihi yake ya mwanzo anaifuta.

Nyumbani Cheche hawezi tena kuinuka kwa viwiko, lakini kichwa chake bado ni cha fundi. Amempangia dada yake kazi yote kwa sauti ndogo. Kitanda kina vishikio vinane. Watu wanane, wanne kila upande, wakipinga maji kwa miguu. Wa kulia mkono mmoja kitandani, mwingine kwenye ukingo. Wa kushoto wasiguse chuma, washikane wenyewe kwa wenyewe. Na mtu mmoja mbele wa kuhesabu hatua, arobaini na mbili kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho. Alizipima siku anachomelea.

Wa kuhesabu amepatikana. Mwalimu amesema nguvu hana, ila sauti ya kusikika nyuma ya darasa bado anayo. Wa kubeba, mpaka jua hili linapopinda, ni hawa: Mama Taipu. Wifi. Kinyozi wa kona. Mshona viatu. Mama muuza nguo wa mlango wa pili, ambaye mgongo unamuuma na amekatazwa kubeba hata ndoo.

Watano.

Vishikio ni vinane, nawe umesoma mpaka huku chini. Kwa hiyo usiseme hukujua. Ukitoka hapo ulipo, pita kwanza chini ya zile ngazi, utie sahihi. Usitie kabla ya kuisoma barua yote. Kisha kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe mtoni, upande wa ng'ambo, si juu kwenye gari, chini. Walete na wale wawili waliopita nyuma yako siku ile. Watakapokwisha kumvusha, wote wanane na mwalimu wao watakwenda moja kwa moja, wamelowa hivyo hivyo, mpaka kwenye ile marumaru, nao hawatasimama kwenye zulia la mlangoni.

Vua viatu. Shika ukingo wa kulia.